Ndugu wa Damu, Ndugu wa Karatasi

Ukiambia watu wa Nairobi kwamba umepata sponsa, watacheka kwanza. Halafu watauliza ana miaka mingapi, anaendesha gari gani, na kama mkewe anajua. Kwa hivyo dadangu alipopiga simu kutoka Texas akasema ameapa kuwa raia wa Marekani, na kwamba sasa yeye ndiye sponsa wetu, Kaka alidakia papo hapo: "Sponsa anatupigia mwenyewe! Mungu ni nani?" Hata mama alicheka, na mama hajui maana ya hilo neno mtaani.

Kiswahili kina neno linalofaa zaidi: mdhamini. Ni yule anayesimama kortini akasema mkinikosea huyu, nishikeni mimi. Ni yule anayetia sahihi mkopo wako kwenye sako, kisha halali vizuri mpaka umalize kulipa. Sheria ya Marekani ikitaka mtu wa kukualika ukaishi kule, huyo ndiye inayemtaka.

Dadangu aliomba vyeti vya kuzaliwa: chake, changu, na cha Kaka. Hapo ndipo stori ilipoharibika.

Kaka ni mtoto wa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyefariki Kaka akiwa na miaka mitatu. Aliletwa kwetu jioni moja na nguo zake kwenye juala, na tangu siku hiyo hajaondoka. Tulilala kitanda kimoja. Sare yake ikimbana, nilivaa mimi. Ripoti zake zote za shule, pale penye "mzazi", kuna sahihi ya mama. Neno "binamu" sikuwahi kulisikia nyumbani mpaka siku tuliyosoma maelezo ya ile fomu.

Fomu yenyewe inaitwa I-130, na masharti yake si magumu kuyaelewa. Raia wa Marekani aliyefikisha miaka 21 anaweza kumwombea mzazi wake, na mzazi hapangwi kwenye foleni ya mgao wa kila mwaka. Anaweza pia kumwombea ndugu yake, lakini ndugu ana foleni, na kwa nchi nyingi foleni hiyo imepita miaka 15. Kuthibitisha undugu, unaonyesha vyeti viwili vyenye jina la mzazi mmoja. Cheti cha Kaka kina jina la mama mdogo. Kwa hivyo mama ana njia, mimi nina foleni, na Kaka hana hata kisanduku cha kutia alama.

Jumapili iliyofuata mjomba alikuja kunywa chai. Aliposikia shida yetu, hakuona shida. "Si mtoe cheti kingine? Usajili wa kuchelewa upo. Andikeni tu mama ni huyu." Aliielekeza vidole sebule nzima, kana kwamba ushahidi ulikuwa umekaa pale kwenye kochi. Na kwa kweli ulikuwa umekaa pale. Hakuna aliyemjibu. Mama alikoroga chai iliyokuwa haina sukari.

Mimi nikikwama huwa naingia kwenye historia. Wiki zile nilitaka kujua jambo moja: ni nani aliyeamua kwamba Kaka si ndugu yangu, na alianza lini?

Mwaka 1882 Bunge la Marekani lilipitisha moja ya sheria za kwanza za nchi nzima kuhusu wahamiaji. Kila mgeni aliyefika kwa meli alitozwa senti 50. Asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma alikataliwa kushuka. Kumbuka hayo maneno, mzigo kwa umma, kwa sababu ndiyo mbegu ya udhamini wote uliofuata. Swali lilikuwa: ukiishiwa, nani atakulisha? Jibu lililozoeleka likawa ni jamaa yako aliyetangulia.

Mwaka huohuo ilipita sheria nyingine, ya kuwafungia mlango vibarua kutoka China. Ila mlango haukufungwa wote. Wafanyabiashara waliruhusiwa. Mwaka 1898, katika kesi ya Wong Kim Ark, Mahakama ya Juu iliamua kwamba aliyezaliwa Marekani ni raia hata kama wazazi wake ni Wachina, na mtoto wa raia naye angeweza kudai uraia kupitia baba. Kwa hivyo familia ndiyo iliyobaki kuwa ufunguo.

Kisha Aprili 1906 tetemeko la ardhi likapiga San Francisco, moto ukafuata, na kumbukumbu za vizazi za jiji zikateketea. Mtu akisema alizaliwa pale, nani angempinga, na kwa karatasi gani? Wengi walisema hivyo. Wakishatambuliwa kuwa raia, walisafiri kwenda China kuona wake zao, na wakirudi waliwaambia maofisa kwamba kule wamepata mtoto wa kiume. Wakati mwingine ilikuwa kweli. Wakati mwingine mtoto hakuwepo, bali ilikuwepo nafasi ya mtoto, na nafasi hiyo ilipewa mpwa, au mtoto wa jirani, au ikauzwa kwa mtu baki. Waliitwa watoto wa karatasi.

Maofisa hawakuwa wajinga. Kuanzia 1910 hadi 1940 walikuwa na kituo kwenye kisiwa cha Angel, katika ghuba ya San Francisco, ambako mgeni angeweza kuzuiliwa wiki kadhaa, hata miezi, akihojiwa. Nyumba yenu ina ngazi ngapi? Mlango unatazama wapi? Pipa la mchele hukaa upande gani? Safu yenu ina nyumba ngapi, na ya tatu ni ya nani? Kisha baba, au anayedai kuwa baba, aliulizwa yaleyale chumba kingine, na majibu yakalinganishwa. Watu walikariri vijitabu vizima vya majibu wakiwa safarini, kisha wakavitupa baharini kabla ya kufika.

Waliofeli hawakuwa waongo peke yao. Jaribu mwenyewe. Muulize babako nyumba ya nyanya ina ngazi ngapi, halafu ujiulize wewe. Mtoto wa damu aliyesahau pipa lilikaa wapi aliweza kurudishwa China, na mtoto wa karatasi aliyekariri vizuri akapita. Na aliyepita alibaki na lile jina. Alioa nalo, akazaa nalo, na jina la ukoo wake likawa la kunong'onezwa nyumbani tu. Kuanzia 1956 serikali ilianzisha mpango wa kuungama, na maelfu wakajitokeza kusema majina yao halisi. Lakini ukiungama, unawataja na wenzako, kwa hivyo ungamo la mmoja liliweza kuwaingiza wengine mashakani. Kuna ukoo uliozika wazee chini ya majina mawili.

Usidhani Wachina peke yao ndio walioambiwa familia yao haitoshi. Sheria ya 1891 ilikataza wenye ndoa za wake wengi, na mpaka leo mke wa pili hawezi kuombewa kama mke. Chini ya sheria ya 1907, mwanamke Mmarekani aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake mwenyewe, na sehemu kubwa ya hilo ilirekebishwa mwaka 1922. Mwaka 1924, Marekani ilipoweka migao midogo kwa nchi nyingi, raia mwanaume aliruhusiwa kumleta mkewe nje ya mgao. Raia mwanamke hakupewa ruhusa sawa ya kumleta mumewe. Kwa hivyo hata "mume" lilikuwa neno linalotegemea nani analitamka.

Miaka ya 1930 ikaja, na maneno ya 1882 yakapata meno mapya. Uchumi ulikuwa umeanguka, na kuanzia 1930 serikali ya Rais Hoover iliagiza maofisa wa viza wawe wakali kuhusu mzigo kwa umma. Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler walijikuta wakihitaji hati ya kiapo kutoka kwa mtu aliye Marekani, mwenye pesa, atakayesema nitamtunza huyu. Asiye na jamaa afanye nini? Wapo waliotafuta vitabu vya simu vya miji ya Marekani, wakatafuta jina la ukoo linalofanana na lao, na wakawaandikia watu baki: pengine sisi ni ndugu, tafadhali tudhamini. Wengine walijibiwa. Wengi hawakujibiwa, na tunajua kilichowapata.

Hapa nilisimama kidogo. Maana ukitazama vizuri, yule Myahudi na kitabu chake cha simu, na yule Mchina na kijitabu chake cha majibu, wote walikuwa wakifanya kazi moja. Sheria ilikuwa imewaambia: tutakuokoa ukiwa ndugu wa mtu. Nao wakaenda kutafuta undugu.

Tarehe 3 Oktoba 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru mjini New York, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria tunayoishi nayo mpaka leo, ingawa imefanyiwa marekebisho mengi. Ilifuta migao ya 1924 iliyowapendelea watu wa Ulaya Kaskazini na Magharibi. Watu huielezea kama tunda la vuguvugu la haki za kiraia, na ni kweli. Lakini kuna kipande ambacho hakisemwi sana.

Serikali ya Johnson ilitaka wenye ujuzi watangulizwe. Mbunge Michael Feighan wa Ohio, aliyeongoza kamati ndogo ya uhamiaji, alitaka familia itangulie. Hesabu ya waliomuunga mkono ilikuwa rahisi: Wamarekani wengi wana asili ya Ulaya, kwa hivyo jamaa zao watakuwa Ulaya, kwa hivyo watakaokuja watatoka Ulaya. Ubaguzi ule wa zamani ungeendelea kimyakimya, umevaa nguo ya upendo wa familia. Feighan alishinda. Katika viza za mgao wa nusu ya mashariki ya dunia, asilimia 74 ziliwekwa kwa familia, na asilimia 24 kati ya zote zikawa za ndugu wa raia. Wenzi, watoto wadogo na wazazi wa raia waliwekwa nje ya mgao kabisa.

Ile hesabu ikawaumbua. Ulaya ilikuwa inajijenga upya, watu wake hawakuwa na haraka ya kuhama. Waliokuwa na haraka walikuwa Wafilipino, Wahindi, Wakorea na wengine waliokuja kama wauguzi, wahandisi, wanafunzi na wakimbizi. Walipokuwa raia, walijaza fomu zilezile zilizotengenezewa wengine. Familia si mali ya Ulaya. Sijui kwa nini hilo liliwashangaza.

Na sisi? Wakati huo Wakenya kule walikuwa wachache, na wengi walikuwa wanafunzi. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya ilipeleka wanafunzi 81, na hadi 1963 walikuwa wamefika kama 800 kutoka Afrika Mashariki. Wengi walirudi, maana kulikuwa na nchi mpya ya kujengwa na kazi zilikuwa zikiwangoja. Vizazi vilivyofuata vilienda kwa harambee, na nyumbani kulipokuwa kugumu, wengi wakabaki. Sheria ya 1990 ikaleta bahati nasibu ya viza, ile ambayo kila mwenye saiba amewahi kubandika tangazo lake mlangoni. Mshindi alienda na mwenzi wake na watoto walio chini ya miaka 21. Wengine wote walisubiri awe raia.

Huko Marekani wanasiasa wasioupenda mpango huu huuita mnyororo, ati mtu mmoja anavuta ukoo mzima. Ningependa waje waone kasi ya mnyororo wetu. Viza za ndugu ni 65,000 kwa mwaka, za dunia nzima. Mimi nitakuwa na mvi kabla pete yangu haijaunganishwa. Na haumvuti kila mtu: nyanya hawezi kumwombea mjukuu, shangazi hawezi kumwombea mpwa. Mtoto wa kulea anahesabika tu akichukuliwa kisheria kabla hajafikisha miaka 16, na akaishi na mlezi chini ya malezi yake ya kisheria miaka miwili. Yaani kama mama angeenda kortini, Kaka akiwa bado anang'oka meno, akaomba hati ya kumlea, leo angekuwa ndugu yangu mbele ya Marekani. Lakini niambie, nani huenda kortini kuomba mtoto wa dadake?

Mwaka 1996 sheria ikambana mdhamini mwenyewe. Kabla ya hapo, mahakama nyingi ziliichukulia hati ya udhamini kama ahadi ya heshima tu. Sasa ikawa mkataba. Mdhamini aonyeshe mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali, kwa kuhesabu watu wote anaowatunza. Sahihi yake inamfunga mpaka aliyedhaminiwa awe raia, au atimize kama miaka 10 ya kazi, au aondoke nchini moja kwa moja, au afe. Mume na mke wakiachana, talaka haifuti deni. Dadangu alihesabu, akaongeza zamu za wikendi. Anatunza wazee wa watu wengine usiku ili apate ruhusa ya kumtunza mamake.

Sasa turudi kwa mjomba na cheti chake.

Mwaka 1984, Leicester, Uingereza, mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua namna ya kusoma alama za DNA zinazomtofautisha mtu na mtu. Kabla polisi hawajaitumia kumkamata muuaji hata mmoja, ilitumika mwaka 1985 kwenye kesi ya uhamiaji. Kijana aliyezaliwa Uingereza alikuwa amekwenda kuishi Ghana, na alipotaka kurudi kwa mamake, maofisa hawakumwamini. Vipimo vya zamani vya damu vilionyesha kwamba yule mwanamke na kijana ni jamaa, lakini havikuweza kusema kama yeye ni mama au ni dada ya mama. Jeffreys akapima, akathibitisha kwamba ni mama. Kijana akabaki.

Nilisoma hilo mara mbili. Kazi ya kwanza ya DNA nje ya maabara ilikuwa kumtenganisha mama na mama mdogo. Kiswahili kiliwapa wote wawili jina la mama. Maabara ilijengewa sifa kwa kuwatofautisha.

Na haikuchukua muda mrefu kufika kwetu. Mwaka 2008, hapahapa Nairobi, serikali ya Marekani ilianza kupima DNA za wakimbizi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliokuwa wameombewa na jamaa zao kupitia mpango wa kuunganisha familia za wakimbizi. Walianza na kama watu 500, kisha wakapanua hadi nchi nyingine za Afrika. Ripoti yao ilisema ni chini ya asilimia 20 ya familia ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitishwa. Zilizobaki, ama kulikuwa na angalau jibu moja lisilolingana, ama watu walikataa kupimwa. Mpango ukasimamishwa, ukarudi mwaka 2012 ukiwa na sharti la DNA kati ya mzazi na mtoto.

Ulaghai ulikuwepo, tusidanganyane. Nafasi iliyo na thamani huuzwa, kama ilivyouzwa San Francisco. Lakini fikiria pia familia iliyokimbia vita, ikaokota njiani watoto wa kaka aliyeuawa, ikawalea kambini Dadaab miaka 15. Fomu inauliza: watoto wako ni wangapi? Ukisema saba, umeongopa. Ukisema wanne, umewakana watatu. Kile kipimo kina uwezo wa kusema damu ni ya nani. Hakina pa kuandika nani alimlisha nani.

Nilipeleka haya yote nyumbani. Nilimwambia mjomba kuhusu DNA, na kuhusu sheria inayoweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote akipatikana amedanganya. Mjomba alisema kuna watu anaowajua wamepita. Nikamwambia najua.

Kisha nikaeleza kuhusu wale watoto wa karatasi na majina yao mawili. Kaka, ambaye muda wote alikuwa akichezea simu, aliinua kichwa.

"Hiyo cheti mpya," akasema, "itasema mamangu ni nani?"

Hakuna aliyejibu, maana jibu alilijua.

"Basi hapana. Mama niko naye hapa. Lakini yule mwingine kwenye hii dunia ana karatasi moja tu yenye jina lake na langu pamoja. Mnataka niitoe hiyo ndio nipande ndege?"

Mama aliweka kikombe chini. Mjomba alisema sawa, alikuwa anasaidia tu, na ni kweli alikuwa anasaidia. Tukaongea mambo mengine.

Mama alipata viza yake. Aliyempeleka kwa daktari ni Kaka, aliyepanga foleni ya paspoti ni Kaka, aliyemfundisha kupiga simu ya video ni Kaka. Siku ya safari, mlangoni mwa uwanja wa ndege, askari alituambia wasindikizaji wabaki nje, labda mtoto mmoja amsaidie na mizigo. Mama hakufikiri. Alimpa Kaka sanduku.

Faili yangu iko kwenye foleni. Kila Jumapili mama hupiga simu kutoka Texas, na humpigia Kaka kwanza.